Muhula Niliokuwa Mzakhchin

Maziwa yakifurika na kuungua jikoni, wenzangu kazini hukimbilia madirisha. Mimi husogea karibu. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Rooty Hill, Sydney, na juzi mpishi aliisahau sufuria, harufu ikajaa hadi koridoni. Nilisimama pale na trei ya vikombe nikinusa kama mjinga, hadi akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nimekumbuka kwetu.

"Kwenu Burundi?"

"Hapana. Mongolia."

Alicheka, akadhani namtania. Sikuwa na muda wa kumweleza, maana wazee walikuwa wanasubiri chai. Basi nawaeleza ninyi wenzangu mliokulia huku kama mimi, mnaojua ilivyo mtu kuulizwa anatoka wapi kabla hajaulizwa jina.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Guildford, ghorofa ya chini, kwenye jengo la matofali mekundu lenye kamba za kuanikia nguo upande wa nyuma. Hatukuwa na muda mrefu tangu tutoke kambi ya wakimbizi Tanzania, mahali nilipozaliwa. Wazazi wangu ni Warundi. Habari zetu zote nilizozijua ziliishia hapo. Baba alikuwa mtu wa masihara, anaweza kukuchekesha hadi ushindwe kumeza ugali, lakini ukigusa mambo ya nyuma ananyamaza ghafla.

"Baba, sisi ni nani?"

"Sisi ni wapangaji wa namba tatu."

"Kwetu ni wapi?"

"Unauona ule mlango? Ufunguo wake ninao mfukoni. Kwetu ni hapo."

Jumapili moja kanisani mtoto mmoja Mrundi aliniuliza sisi ni kabila gani. Baba alisikia. Alinishika mkono tukatoka kabla ya baraka, mama akatufuata huku anahangaika na viatu vyake. Nikaelewa kwamba hilo swali ni baya. Ubaya wake wapi, sikujua. Nilidhani labda ni kama matusi, na kwamba nikikua nitaambiwa.

Sasa mambo ya Mongolia yalianza na nguo za kanisani. Mama alikuwa ameanika shati jeupe la baba, na kila alipoanika, shati lilitoka na vidoa vyenye harufu ya maziwa. "Ndege gani hawa wa Australia," mama alisema, "wananya maziwa?" Asubuhi moja akasimama chini akaangalia juu, akaona mkono unatokea baraza ya ghorofa ya juu na upawa wa mti. Mkono ukarusha, maziwa yakaruka hewani, yakatua kwetu. Mama akalitwaa shati, akapanda ngazi. Mimi nyuma yake.

Mlango ulifunguliwa na Saraa. Tulikuwa darasa moja, anakaa meza ya nyuma yangu, na hatukuwahi kusemezana. Nyuma yake alisimama bibi mfupi, mashavu mekundu, upawa bado mkononi. Saraa aliona shati, uso wake ukawa kama mashavu ya bibi.

"Sori," akasema kwa Kiingereza. "Huyu ni Emee, bibi yangu. Amekuja kututembelea miezi mitatu. Asubuhi lazima aipe mbingu maziwa, ili walio safarini wafike salama."

Nikamtafsiria mama. Mama akaliangalia shati. "Mwambie mbingu imekataa. Imeturudishia sisi."

Saraa akatafsiri. Emee akacheka kicheko cha mtu anayekohoa, akamshika mama mkono, akamvuta ndani kwenye harufu ya maziwa yaliyofurika na kuungua jikoni, akamimina chai. Na hapo ndipo nilipoona. Emee alitoa kikombe kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto akaushika kiwiko cha kulia kwa chini. Mama akapokea kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ameushikilia hapo hapo.

Mliolelewa na Warundi mnajua. Mimi nilikuwa nimeshachekwa shuleni kwa kupokea penseli hivyo, mvulana mmoja akauliza kama mkono wangu umevunjika. Nilikuwa naamini duniani kote ni sisi tu tunaofanya vile. Nikamtazama Emee kwa makini, macho yake, vidole vyake. Nikajua, kama mtoto anavyojua, kwamba bibi huyu ni Mrundi aliyepotea.

Chai ilikuwa na chumvi. Mama aliinywa yote bila kukunja uso. Halafu Emee akauliza jambo, na Saraa akatafsiri huku anaangalia sakafu: "Anauliza mifugo yenu imenenepa?"

Mama akamrudishia Emee kikombe. "Mwambie imenenepa."

"Mama, si hatuna mifugo!"

"Nyamaza. Watu husalimiana hivyo."

Kwenye ngazi, tukishuka, alinieleza kwamba hata kwetu wazee wakikutana husema *Amashyo*, yaani uwe na makundi ya ng'ombe, hata kama wote wawili hawana ndama. Halafu akanong'ona, "Na ile chai wamekosea kopo, maskini. Usije ukawaambia, utawaaibisha."

Kwangu mimi kesi ilikuwa imekwisha. Kiwiko, maziwa, ng'ombe. Ushahidi gani mwingine?

Wiki hiyo hiyo mwalimu wetu, ambaye sote tulimwita Misi, akatangaza kwamba mwisho wa muhula kila mtoto atasimama mbele ya darasa kueleza habari za watu wake, dakika tano, pamoja na mkubwa mmoja kutoka nyumbani. Akapita na kadi, kila mmoja anasema watu wake ni nani, naye anaandika na kubandika ukutani. Wengine walikuwa Walebanoni, wengine Wavietnamu. Saraa akasema yeye ni Mmongolia, lakini ni Mzakhchin. Misi akamwomba arudie taratibu. Na mimi nikafikiwa.

Nilimfikiria baba. Nikafikiria lile swali baya. Kalamu ya Misi ilikuwa inasubiri hewani.

"Mzakhchin," nikasema.

Saraa alinipiga teke chini ya kiti, nguvu ajabu kwa mtoto mdogo vile. Misi alituangalia sote wawili. Sijui aliwaza nini, lakini aliandika.

Wakati wa mapumziko Saraa akanifuata mbio. "Wewe huwezi kuwa Mzakhchin!"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu… hebu jiangalie!"

"Jiangalie mwenyewe. Bibi yako anashika kiwiko."

"Mongolia kila mtu anashika kiwiko."

"Basi! Na Burundi vile vile. Kwa hiyo ama ninyi mlipotea, ama sisi tulipotea."

Alifikiri. Saraa hakuwa mtu wa kukataa hoja. "Nani alipotea?"

"Ndiyo twende tumuulize."

Emee alikuwa barazani, amevaa gauni jepesi katikati ya majira ya baridi, anawacheka watu wa Sydney wanavyojifunika. Tulipomweleza shida yangu alicheka hadi akajifuta machozi kwa upande wa mkono. Kisha akaacha kucheka, akanivuta nikae. Nadhani aliona sitanii. Saraa alitafsiri kwa kulalamika. Kimongolia alikielewa, ila alikijibu kwa Kiingereza, kama sisi na Kiswahili cha nyumbani.

Siku ile na siku nyingi zilizofuata, Emee alitusimulia Wazakhchin walikotoka. Zamani sana, alisema, Wamongolia wa magharibi walikuwa na ufalme wao mkubwa. Ufalme una ukingo, na ukingo unataka walinzi. Basi wakubwa wakachukua familia kutoka huku na huku, hawa wa ukoo huu, wale wa ukoo ule, wakawaweka kwenye milima ya Altai wakae wakilinda. Ndiyo maana ya jina lenyewe, watu wa mpakani. Hawakuwa wa baba mmoja.

"Hawakuwa ndugu?" niliuliza.

"Hata kidogo," Saraa akatafsiri. "Anasema walikuwa na baridi moja tu, hiyo ndiyo waliyoshirikiana."

Halafu ikaja vita, ufalme ukavunjwa, watu wengi mno wakafa. Walinzi wa ukingoni wakabaki, hakuna wa kuwarudisha walikotoka, na wala hawakujua tena warudi kwa nani. Watawala wapya wakawafanya watumishi wa mji wenye ngome. Wakawachungia mifugo, wakawalimia. Wakawa wanaoana wao kwa wao, wanaimba, wanazika. Kazi ya kulinda ilikwisha, lakini jina likabaki kwao, na wajukuu wakazaliwa nalo.

"Sasa ule ufalme uko wapi?"

"Haupo."

"Na ule mpaka?"

"Haupo."

"Na ninyi?"

Emee akajipiga kifuani. "Tupo. Tunakunywa chai."

Sijui ninyi mngesikia nini. Mimi nilisikia kambi. Watu waliotolewa huku na huku na kuwekwa ukingoni mwa nchi na wakubwa wasiowajua, wakae hapo, na baadaye hakuna anayekuja kuwachukua, mbona hiyo ilikuwa kambi yetu! Nikauliza kama walipewa mgao wa unga na maharage. Saraa hakujua atafsiri vipi. Nikauliza kama walikuwa na kadi ya kutobolewa kila wakipokea mgao. Emee alitusikiliza tukibishana, akaomba aelezwe taratibu kambi ni nini. Nikaeleza: mahema, foleni ya maji, mama akipika chini ya turubai, watu wa vilima mbalimbali vya Burundi pamoja.

Emee alinimiminia chai. Akamwambia Saraa kitu.

"Anasema unaweza kuwa Mzakhchin."

Niliruka. Saraa akanyoosha kidole. "Bado! Anasema kwao hakuna aliyekuja mikono mitupu. Wa kwanza alikuja na majina ya baba zake, wa pili akaja na ya kwake. Mtoto lazima ajue baba wa baba, na wa nyuma yake, na wa nyuma yake. Ukija bila wa kwako, wewe ni mgeni wa chai tu. Nenda ukayachukue kwa baba yako."

Kwa baba yangu! Afadhali angenituma Mongolia kwa miguu.

Lakini nilikuwa nimeshaamua. Baba alifanya kazi kiwandani Fairfield, anatoka alfajiri. Nikaanza kuamka naye. Anapofunga kamba za buti, mimi nimekaa mlangoni. "Baba, baba yako aliitwa nani?" Siku ya kwanza akanichekesha. Siku ya pili akaniambia alfajiri ni ya wafanyakazi, nirudi kulala. Siku ya tatu akanifokea, na baba hakuwa mtu wa kufoka. Mama akatoa kichwa chumbani. "We Mmongolia wangu, mwache baba yako apumue."

Siku ya nne alinivuka akaenda. Nikavaa koti juu ya nguo za kulalia nikamfuata hadi stesheni. Aligeuka nikiwa nimeshafika jukwaani, miguu kwenye ndala, nimeganda kwa baridi. Treni yake ikaja, milango ikafunguka, ikafungwa, ikaenda. Baba alikuwa bado ananiangalia.

Alikaa kwenye benchi akanifunika na jaketi lake la kazi, lile la rangi ya chungwa. Harufu ya mafuta ya mashine.

"Unataka nini, mwanangu?"

"Nataka kujua sisi ni nani, nikaseme."

Akaiangalia reli. "Hilo swali niliulizwa barabarani," alisema. "Tulikuwa wawili, mimi na rafiki yangu, tunakimbilia mpakani. Wakatokea watu na silaha. Walikuwa na swali hilo moja tu, ninyi ni nani. Rafiki yangu alikuwa mbele, akajibu. Mimi nikaona lile jibu lilimfanyia nini. Nikaingia kwenye majani nikakimbia. Tangu siku hiyo silijibu."

Nilifikiri sana, kwa akili ya miaka tisa. "Alikosea jibu?"

"Hakukosea. Alisema kweli."

Hilo sikuliweza. Hata leo, nikiwa na umri huu, siliwezi vizuri. Nikamshika kidole gumba, kama nilivyokuwa nafanya nikiwa mdogo zaidi, nikamwambia asiwe na wasiwasi, Misi mimi nimeshamdanganya. Nimemwambia mimi ni Mzakhchin.

"Ndiyo nini hiyo?"

Nikamweleza. Ufalme, ukingo, baridi moja. Kwanza alitabasamu, kisha akacheka hadi mwanamke mmoja aliyekuwa akisubiri treni akatugeukia. "Vizuri," akasema. "Vizuri kabisa! Baki hapo hapo. Hilo halina mtu atakayekuulizia."

Alimaanisha. Nilimwona uso umepata nafuu, kama mtu aliyemtafutia mwanawe mahali pa kujificha. Na ni hapo, namshukuru Mungu, nilipokuwa mbishi.

"Siwezi kubaki. Emee hanipokei. Anasema niende na baba zangu."

Kicheko kikaisha. Treni nyingine ikaingia. Aliniambia nirudi nyumbani moja kwa moja, nisisimame na mtu, akapanda. Hakuahidi kitu. Nilimpa tarehe na saa kupitia dirishani, kwa vidole, na sikujua kama aliona.

Siku yenyewe mama alikuwa kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Darasa lilijaa wazazi wamekaa kwenye viti vidogo, magoti yamefika kidevuni. Emee alikuja na joho la bluu na mshipi wa hariri. Saraa alieleza habari za Wazakhchin vizuri kuliko nilivyotegemea, hata hakuangalia karatasi. Halafu Emee akasimama kucheza. Ngoma ya kwao huchezwa zaidi kwa mabega na mikono, maana hema wanalokaa ni dogo, hakuna pa kurukia. Alijikunja kidogo, mikono ikashuka, ikaanza kukamua ng'ombe ambaye hayupo, vidole vinabana na kuachia, mabega yanakwenda na mlio wa maziwa kwenye ndoo. Niligeuka kuona kama watu wanacheka. Nikamwona baba mlangoni, jaketi la chungwa mwilini, kofia mkononi. Alikuwa anaitazama ile mikono.

Misi akaita jina langu, akasoma kadi. "Zakhchin." Watoto wakaanza kuchekacheka. Mvulana wa penseli akacheka kwa sauti. Nilitembea hadi mbele, nikasimama peke yangu. Saraa akanionyesha kwa macho: sema. Nilikuwa sina hata jina moja la kusema.

Baba akaanza kuja, akipita katikati ya viti. Kwanza alisimama mbele ya Emee, akainama. "Amashyo," akasema. Emee akatoa kichupa chake cha ugoro, kile wanachopeana wakisalimiana, mkono wa kulia, wa kushoto kwenye kiwiko. Baba akakipokea vile vile, akakinusa, akapiga chafya kubwa, darasa zima likaangua kicheko, naye akacheka. Kisha akaja kusimama kando yangu.

"Nitasema Kiswahili," akaniambia chini chini. "Wewe waambie."

"Sawa."

"Waambie kabila silisemi. Watakaokasirika wakasirike. Lakini waambie mimi ni mtu wa kilima. Kilima chetu kina migomba upande mmoja na upande mwingine kuna kijito. Waambie baba yangu aliitwa Ntahondi. Baba yake Ruvuzi. Baba yake Ruvuzi aliitwa Bujana, huyo alikuwa mfupi, alicheza ngoma hadi uzeeni."

Niliwaambia. Sauti yangu ilitetemeka kwa Ntahondi, kwa Bujana ilikuwa imenyooka.

"Waambie tulikuwa na ng'ombe mmoja wa kahawia, Gahogo. Nilimkamua mimi. Na mwambie yule bibi anakamua vizuri, ila mkono wa kushoto anaukaza mno."

Saraa akamtafsiria Emee, na Emee akajibu kitu, Saraa akasema, "Anasema ng'ombe wa kwao wana baridi, lazima ukaze." Watu wakacheka. Baba hakusubiri wamalize. Maneno yalikuwa yanamtoka sasa, majirani wa kilimani nyumba kwa nyumba, nani alikuwa fundi wa mizinga ya nyuki, nani aligombana na nani kwa ajili ya mbuzi, na mimi namkimbiza kwa Kiingereza changu.

Akasimama kidogo. Akaikunja kofia.

"Waambie aliyekuwa mbele yangu barabarani aliitwa Lazaro."

Niliwaambia. Hawakujua ni barabara ipi. Baba akavuta pumzi, akaendelea, habari za Lazaro, alivyoweza kupiga mluzi kama ndege watatu, dada zake, nyumba yao iliyokuwa chini ya yetu.

Misi alisimama nyuma, taratibu, akanigusia saa yake ya mkononi. Dakika tano zilikuwa zimepita zamani, na Walebanoni walikuwa wanasubiri na sinia lao la vitafunwa. Hakuwa na ubaya, alikuwa mwalimu mwenye ratiba.

"Misi," nikasema, "baba yangu hajamaliza."

"Anasemaje?" baba akauliza.

"Anasema uendelee, baba."